Hesabuni safari za meli Tanganyika kabla ya kugawa fedha

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika karibu mita 1,470, lakini meli iliyobeba shehena yako inaweza kukosa maji ikiwa imekaribia gati. Mito huleta tope, tope hujaa mlangoni mwa bandari, na lisipoondolewa nahodha hupunguza mzigo au hungoja nje. Gharama ya kungoja huko huioni kwenye risiti. Unailipa kwenye bei ya mfuko wa saruji.

Fedha za matengenezo hazitoshi bandari zote za nchi nne zinazolizunguka ziwa hili. Kwa maoni yangu, bandari ya kuanza nayo isichaguliwe kwa ukubwa wa mji wala kwa sauti ya wabunge wake. Tuangalie safari zenyewe.

Njia ya kuzihesabu ipo. Meli kubwa hubeba mtambo uitwao AIS, ambao hurusha kwa redio, kila baada ya sekunde chache, utambulisho wa chombo, mahali kilipo, mwendo na uelekeo wake. Uliwekwa ili meli zisigongane. Lakini ishara hizo zikihifadhiwa mwaka mzima, zinaonyesha chombo kilitoka wapi, kikaenda wapi, na kilingoja saa ngapi nje ya bandari. Kule Marekani, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, kinachotunza njia za maji za nchi hiyo, huzitumia kupima wapi pachimbwe kwanza.

Tani peke yake hudanganya. Mpulungu, kusini mwa ziwa, ni bandari ndogo, lakini sukari na saruji ya Zambia hupita pale kwenda Bujumbura. Ikikwama, mzigo huo utazunguka kwa barabara na kukutana na mipaka mingine. Kigoma nako ndiko inakoishia reli ya kutoka Dar es Salaam. Gati lake likisimama, wanaoumia wako Bujumbura, Uvira na Kalemie. Bandari ipimwe pia kwa idadi ya njia zinazokatika inapofungwa. Mwaka 2024, ziwa lilipofurika hadi mitaa ya Bujumbura na Uvira, rekodi ya namna hiyo ingetuonyesha mizigo ilihamia wapi.

Kasoro kubwa ni boti za mbao. Zinazopakia pale Kibirizi, kando ya Kigoma, hazina mtambo huo, kwa hiyo kwenye ramani ya kompyuta hazipo. Mpanga bajeti ataona maji matupu mahali ambapo dagaa (ndagala, kwa jirani zetu wa Burundi) na mawese hupita. Mitambo midogo ya vyombo vidogo ipo. Serikali ziinunue, zisimbebeshe mwenye boti.

Wengi wenu mtauliza kama huu si mtego wa kodi. Hofu hiyo ina msingi, na anayeidharau hajawahi kuvusha mzigo. Wakala wa Ushoroba wa Kati tayari hufuatilia takwimu za usafirishaji wa barabarani. Aongezewe na za ziwani, kwa makubaliano kwamba rekodi ya boti haipelekwi kwa wakusanya ushuru. Bila kifungu hicho mitambo itazimwa wiki ya kwanza. Vyama vya wafanyabiashara vya pande zote nne vikidai sasa, kabla mtambo wa kwanza haujafungwa.