Picha za Viumbe Wadogo: Kusafisha Si Kughushi



Ukurasa wetu wa mwezi huu twauelekeza kwa vijana, na kwa wazazi wao pia, juu ya kazi moja nzuri iliyoenea majumbani tangu kamera ilipoingia ndani ya simu. Nayo ni kupiga picha za karibu za viumbe wadogo. Huyu humpiga nyuki aliyetua juu ya ua la mrehani, yule hupiga tone la umande juu ya jani la mgomba, na mwingine hupiga mguu wa panzi hata miiba yake ikahesabika. Ni kazi yenye faida, kwani humzoeza mtu kutazama kile alichozoea kukipita au kukikanyaga. Walakini picha aghalabu haitoki kama jicho lilivyoona, na mwenyewe hutamani kuitengeneza. Hapo ndipo panapohitajika mambo mawili: kujua namna ya kuisahihisha picha, na kukubali kuionyesha kwa jicho la mtu mwingine. La kwanza bila ya la pili laweza kumtoa mtu katika ukweli naye asijue.

Jambo hili si geni, wala halikuanza na simu. Limepata kuwagombanisha watu wazima wenye elimu, na kisa chao chafaa tukisome kwa utulivu.

Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika mji mdogo wa Jericho, jimbo la Vermont, huko Marekani. Baba yake alikuwa mkulima. Mama yake, aliyepata kuwa mwalimu, alimfundisha nyumbani kwa muda mrefu, na ndiye aliyempa hadubini. Katika nchi ile theluji huanguka kwa wingi wakati wa baridi. Kijana yule alitia chembe ya theluji chini ya hadubini, akaona nyota ndogo ya pembe sita iliyopambwa ndani kwa mistari ya ajabu. Akajaribu kuichora kwa mkono, lakini chembe ikayeyuka kabla kalamu haijafika mwisho. Basi akaunganisha hadubini na kamera, na tarehe 15 Januari 1885, hali hajatimiza miaka 20, akaipata picha yake ya kwanza. Hakuiacha kazi hiyo mpaka alipofariki Desemba 1931, akiwa amepiga picha zaidi ya 5,000. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake, alichokitayarisha pamoja na William Humphreys, chenye picha zaidi ya 2,000.

Tazameni subira ya mtu huyu. Alifanya kazi ndani ya kibanda kisicho na moto, maana joto lingeiharibu theluji. Alikinga chembe juu ya ubao mweusi, akaiokota kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kioo na kuituliza kwa unyoya. Ilimpasa hata kuchunga pumzi zake, kwa kuwa pumzi moja tu ya mwanadamu yatosha kuyeyusha kazi yote.

Sasa twafika penye shida. Chembe ya theluji ni angavu, na nuru iliyopita nyuma yake nayo ilikuwa angavu, hata umbo likakosa kujitenga na mahali lilipolala. Bentley akatafuta dawa. Picha za siku zile zilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa ya kushika nuru. Yeye alichukua nakala ya kioo hicho, akakwangua kwa kisu dawa yote iliyozunguka umbo la chembe. Palipokwanguliwa, karatasi ya picha ilitoka nyeusi tititi, na theluji ikang'ara katikati kama nyota usiku. Hizo ndizo picha zilizompa sifa duniani.

Lakini huko Ujerumani alikuwako mtaalamu wa hali ya hewa, jina lake Gustav Hellmann, ambaye naye alikuwa akichunguza theluji. Picha zake alipigiwa na Richard Neuhauss, na mwaka 1893 Hellmann alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Katika picha za Neuhauss, chembe nyingi hazikuwa timilifu: hii mkono mmoja mfupi, ile pembe imevunjika. Hellmann alipoona kazi ya Bentley akamlaumu, akisema kwamba kisu chake kimeharibu mipaka ya chembe na kuzifanya zionekane kamili kuliko zilivyo. Bentley naye akajitetea kwamba marekebisho yanayoifanya picha ilingane zaidi na kitu chenyewe ni halali, wala si udanganyifu.

Tukiamua kwa insafu, twaona kila mmoja alishika sehemu ya haki. Bentley alikuwa na haki ya kuondoa kile kilicholificha umbo, maana weupe wa nyuma haukuwa sehemu ya theluji; ulikuwa ni upungufu wa chombo. Hellmann naye alikuwa na haki ya kuogopa, maana mkono wa mtu ukishapitisha kisu kwenye ukingo wa kitu, nani ataujua mpaka wa kweli ulikuwa wapi? Tena kulikuwa na jambo lililo kubwa kuliko kisu, nalo ni uteuzi. Bentley alipenda chembe nzuri, akazitafuta hizo. Kila picha ilikuwa ya theluji halisi, lakini zilipokusanywa pamoja zilimfanya mtazamaji adhani kuwa theluji yote iko hivyo. Hata leo, wengi huamini kwamba kila chembe ya theluji ni nyota kamili, ilhali wachunguzi wake wasema zilizo nyingi hazina ulinganifu huo.

Kanuni tunayoipata hapa ni nyepesi kuitamka na nzito kuitimiza: ondoa dosari iliyotiwa na chombo; usiondoe dosari aliyonayo kiumbe. Vumbi lililoganda juu ya lenzi si la kipepeo, lifute. Bawa lililochanika ni la kipepeo, liache. Huenda mchaniko ule ndio habari yenyewe, kwamba ndege alimkosakosa akaokoka.

Na tuyaone sasa mambo yenyewe ya kazi. Anayepiga picha za karibu hupambana kwanza na uhaba wa kina. Ukitumia kamera kubwa na lenzi ya kukuza, ukampiga mdudu kwa kimo chake halisi, tundu la lenzi likiwa namba 8, sehemu itakayoonekana wazi mbele na nyuma haizidi kiasi cha milimita moja. Jicho la nyuki likiwa wazi, mguu wake wa nyuma huwa ukungu. Kosa la fokasi halisahihishiki baadaye. Kwa ajili hiyo, jicho la kiumbe na liwe wazi kwanza, kamera ishuke iwe sawa naye badala ya kumtazama kutoka juu, na picha ipigwe asubuhi mapema, upepo ungali umelala na nuru ingali laini. Wapo wapigao picha nyingi za kiumbe aliyetulia, kila moja ikilenga mahali pengine kidogo, kisha programu ya kompyuta ikaziunganisha zikawa moja iliyo wazi pote. Hilo si kosa, maadamu mwenye picha akiulizwa atasema.

Katika kusahihisha, utaratibu ni huu. Picha ya asili iwekwe kando isiguswe, na kazi ifanyike juu ya nakala, kama Bentley alivyofanya na kioo chake. Ziangaliwe kingo: je, kuna kijiti kinachoingia pembeni na kuvuta macho? Ukikata ukingo, picha hupumua. Kisha itazamwe nuru, isiwe kali hata weupe wa ua ukapoteza mishipa yake. Kisha rangi: aliyepiga chini ya mti hupata ukijani unaotoka kwenye majani, na aliyepiga kivulini hupata ubuluu, vyote viwili hurekebishwa mpaka kilicho cheupe kionekane cheupe. Baada ya hapo vifutwe vidoa vya vumbi. Mwisho kabisa utiwe ukali kidogo, na tunasema kidogo kwa makusudi. Ukizidisha, mstari mweupe huzunguka kila unywele, na nyuki huonekana kama aliyekatwa kwa mkasi akabandikwa.

Zimekuja pia programu za akili bandia zinazoahidi kufanya picha yenye ukungu iwe wazi. Hapa twataka hadhari. Programu hizo zaweza kujaza pale pasipo na habari kwa kukisia kutokana na picha nyingine zilizofunzwa. Zikichora vinyweleo juu ya mguu wa nyuki wako, huenda nyuki wako hakuwa navyo. Picha itapendeza, walakini haitakuwa tena ushahidi wa kile ulichokiona. Mwanafunzi atakayejifunza wadudu kwa picha hiyo amelishwa uongo, naye aliyemlisha hakukusudia.

Hata kabla ya kufika penye kompyuta, uongo waweza kuanzia uwanjani. Wapo wanaowatia wadudu ndani ya friji ili wazubae wasiruke, na hilo twalikataza majumbani mwetu, kwani picha haistahili mateso ya kiumbe. Na kuna kisa kilichosikika sana. Natural History Museum ya London huendesha kila mwaka mashindano ya picha za viumbe. Katika matokeo ya mwaka 2017, picha ya mnyama mla mchwa wa Brazil akikikabili kichuguu usiku ilishinda katika fungu lake. Watu wengine wakaleta mashaka yao, na wataalamu watano wakaichunguza, kila mmoja peke yake. Wakakata shauri kwamba mnyama yule yaelekea sana kuwa ni ngozi iliyojazwa, iliyokuwa ikionyeshwa katika mbuga ile ile. Aprili 2018 picha ikaondolewa katika ushindi, ijapokuwa mpigaji alikana. Majaji walipitwa, jicho la mtu wa nje ndilo lililoamsha.

Basi twafika kwenye neno la pili, yaani maoni. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufariki Cairo kiasi cha mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona, Kitab al-Manazir. Humo alieleza namna jicho linavyoona, na akaweka sehemu nzima juu ya makosa ya jicho. Mwanachuoni huyo huyo aliandika kitabu kingine cha kuonyesha mashaka yake juu ya kazi za Ptolemy, aliyekuwa ameheshimiwa kwa karne nyingi. Aliyelijua jicho kuliko watu wa zama zake hakulipa jicho amani moja kwa moja, wala hakuona kuwa heshima ya mtu yamzuia asihakikiwe. Sisi wenye simu tuna sababu gani ya kuudhika tukiambiwa kuwa picha yetu ina upungufu?

Mpiga picha haoni picha yake peke yake. Huona pia taabu yake. Akiitazama, akumbuka alivyolala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, na taabu ile humfanya aipende. Mtazamaji hana kumbukumbu hiyo, huona kilichomo tu. Ndiyo maana maoni yake yana thamani. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na anayeficha picha zake kwa kuogopa kusemwa hatapata nyingine iliyo bora.

Anayeomba maoni asiulize, "Je, ni nzuri?" kwani swali hilo humlazimisha mpenzi wake kusema ndiyo. Aulize, "Jicho lako limeanzia wapi? Likaenda wapi? Kuna kitu kinachokusumbua?" Na amwonyeshe picha ya asili pamoja na ile iliyosahihishwa, ili aseme kama kilichoondolewa kilistahili kuondoka. Asikilize bila ya kujitetea, aiache picha siku moja au mbili, kisha airudie. Si kila nasaha itafuatwa. Lakini watu watatu wasiosikilizana wakitaja dosari moja, dosari ipo.

Naye anayetoa maoni ana adabu yake. Aseme kwanza kile kilichofanikiwa, na asiseme kwa kubembeleza. Kisha ataje jambo moja au mawili yanayoweza kurekebishwa, kwa maneno yanayoshikika. Kumwambia mtoto "picha yako haina maana" ni kumvunja. Kumwambia "bawa limekatwa na ukingo, rudi nyuma kidogo mara nyingine" ni kumjenga. Wazazi wasioijua kamera wasijitenge kwa kuona haya. Mama anayepalilia mrehani kila siku ndiye awezaye kusema, "Ua hili halina rangi hii," na neno lake hapo lapita la fundi.

Twawashauri basi, enyi vijana, mchague mtu mmoja nyumbani na mmoja wa nje wawe macho yenu ya pili, watu wasioogopa kuwaambia kweli. Hifadhini kila picha ya asili, andikeni kando yake siku na mahali ilipopigwa, na yale mliyoyabadili. Picha ya kiumbe ni ushahidi mnaoutoa juu ya kitu kisichoweza kujisemea. Shahidi mwema hunyoosha maneno yake yaeleweke, wala haongezi asichokiona.