Marejesho si kipimo cha kutosha

Mwandishi, nakupinga hapo unaposema mikopo ya halmashauri imefaulu kwa sababu inarejeshwa. Hapa Msasani kikundi kinaweza kumaliza deni kwa fedha ya mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, huku biashara yenyewe imeshakufa. Kwenye vitabu, hao nao wamefaulu!

Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (CAG) kuibua madudu, vikiwemo vikundi hewa; mikopo ikarejea 2024. Sawa, wizi udhibitiwe. Lakini ukaguzi wa hesabu hauwezi kutuambia kama mama anayekaanga samaki amekuza mtaji kwa sababu ya mkopo, au angefika hapo hata bila huo mkopo.

Nigeria walilijibu swali hilo. Katika YouWiN, shindano la mipango ya biashara la 2011 lililowapa washindi ruzuku, baada ya mchujo, washindi wengi walipatikana kwa bahati nasibu, hivyo watafiti wakaweza kuwalinganisha na waliokosa. Miaka mitatu baadaye, waliopata ruzuku walikuwa na biashara nyingi zaidi zilizo hai, na wameajiri watu wengi zaidi. (Ruzuku yao ilikuwa nono, tusijilinganishe huko.)

Kwetu waombaji siku zote ni wengi kuliko fedha, hivyo hata hapa wenye sifa wanaweza kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Manispaa ya Kinondoni, fanyeni hivyo, baadaye watembeleeni waliopata na waliokosa, kisha bandikeni majibu kwenye ofisi za kata.