Injini kubwa si faida kubwa

WANUNUZI wa injini za kupachika katika maduka ya Mwanga, mjini Kigoma, huanza na swali moja: injini ina nguvu za farasi ngapi? Swali la pili huwa bei. La tatu, ambalo lingefaa kuwa la kwanza, mara nyingi haliulizwi kabisa: itakula lita ngapi ili iingize shilingi ngapi?

Swali hilo lina uzito zaidi kwa mfanyabiashara mdogo mwenye boti ya alumini ya futi 12 hadi 14. Huyo hana boti ya pili wala injini ya akiba. Akikosea kuchagua, kosa hilo hulilipa kila asubuhi kwenye kituo cha mafuta hadi mtaji uishe.

Kwa mtu wa aina hiyo, maoni ya safu hii ni kwamba injini ya farasi 15 ndiyo inayofaa. Ile ya 40, inayopendwa kwa sifa, ni ya boti nyingine na biashara nyingine.

Boti ya bati si boti ya mbao

Mwambao wa Kibirizi, Katonga na Ujiji umezoea boti kubwa za mbao, zinazobeba abiria, magunia na mapipa kwenda vijiji kama Mwamgongo na Kagunga. Boti hizo ni nzito hata kabla ya kupakiwa. Kwa kazi hiyo injini ya farasi 40 ina haki yake, na hakuna fundi atakayebisha.

Boti ya alumini ina tabia tofauti. Ni nyepesi, hainywi maji, haihitaji kuzibwa nyufa kwa pamba kila mara, na watu wachache wanaweza kuivuta hadi mchangani. Wepesi huo ndio faida yake, na mwenye kuifungia injini kubwa anaitupa faida hiyo yeye mwenyewe.

Injini ya 40 ina uzito wa karibu mara mbili ya ile ya 15. Ikifungwa kwenye boti ndogo, tezi huzama na omo hupaa. Aliyekaa nyuma haoni vizuri mbele, na wimbi linalotoka nyuma huingia bila hodi. Aidha, msukumo na mtikisiko wake hulegeza ribiti za bati na ubao wa tezi, na boti isiyovuja huanza kuvuja.

Nchini Marekani, watengenezaji wa boti ndogo hutumia kanuni rahisi. Urefu wa boti kwa futi huzidishwa kwa upana wa tezi kwa futi. Boti ya futi 12 yenye tezi la futi 4 hutoa 48, na jibu lolote kati ya 46 na 52 huruhusiwa injini isiyozidi farasi 15. Hata boti ya futi 14 yenye tezi la futi nne na nusu, ikiwa na kitako bapa na ikiongozwa kwa mkono, haizidi farasi 20.

Hicho ni kiwango cha juu cha usalama, wala hakimlazimishi mtu kukifikia.

Hesabu ya mafuta

Mafundi wa injini za mizunguko miwili, yaani zile zinazochanganywa petroli na oili, wana kipimo cha kukadiria: injini ikifunguliwa yote hula takriban lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10. Kwa kipimo hicho injini ya 15 hula lita 6 kwa saa, na ya 40 hula lita 16.

Watetezi wa injini kubwa husema kwamba inafika mapema, hivyo inazima mapema. Hoja hiyo ni ya kweli na inastahili kupigiwa hesabu.

Tuseme safari ya kwenda na kurudi huchukua saa 2 kwa injini ya 15, na saa 1 na dakika 20 kwa injini ya 40. Ya kwanza itakula lita 12. Ya pili, pamoja na kuwahi kwake, itakula takriban lita 21. Tofauti ni lita 9 kwa safari.

Kwa safari 20 kwa mwezi, tofauti hiyo ni lita 180. Petroli ikihesabiwa kwa Sh. 3,000 kwa lita, kwa mfano tu, mwenye injini ya 40 anachoma Sh. 540,000 zaidi kila mwezi kwa mzigo uleule. Kila mfanyabiashara aweke hapo bei ya kituo chake, kwa kuwa bei kikomo za EWURA hubadilika kila mwezi, na Kigoma iko mbali na bandari ya Dar es Salaam.

Dakika 40 zilizookolewa zina thamani ikiwa tu zinaingiza fedha. Mchuuzi wa samaki wabichi anayewahi treni au lori la barafu anaweza kuziuza. Anayebeba dagaa wakavu au sukari hana wa kumuuzia.

Ndogo mno nayo ni hasara

Hata hivyo, hoja hii isichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kununua injini ya farasi 5 au 8 kwa sababu ni rahisi. Tanganyika ni ziwa lenye urefu wa takriban kilomita 670, na kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huinua mawimbi yanayoheshimiwa hata na manahodha wa meli. Injini inayofunguliwa yote saa zote ili kushindana na wimbi huchoka haraka na humwacha mwenyewe njiani.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Maji ya Tanganyika yako takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Injini hupungukiwa na nguvu kwa kiasi cha asilimia 3 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Farasi 15 za kwenye karatasi ni kama farasi 14 zikifika Kibirizi, na 8 ni kama saba na kidogo.

Dawa yake si kununua injini kubwa mara tatu. Ni kuchagua propela yenye mkato mdogo, ili injini ifikie mzunguko ulioandikwa katika kitabu chake ikiwa na mzigo. Propela isiyofaa humfanya mtu ailaumu injini nzima.

Mizunguko miwili au minne

Hapa ndipo ubishi unapokuwa mkali. Injini ya mizunguko miwili ni nyepesi: ya farasi 15 haifiki kilo 40. Muundo wake ni rahisi, na mafundi wa mwambao huu wameijua kwa miaka mingi. Ile ya mizunguko minne ina uzito wa kilo 50 hivi na bei yake iko juu, lakini hula mafuta pungufu kwa karibu theluthi moja na haichanganywi oili.

Kwa safari ileile ya lita 12, mizunguko minne huokoa lita 4. Kwa safari 20 ni lita 80 kwa mwezi, sawa na Sh. 240,000 kwa bei ya mfano. Kwa mchanganyiko wa lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, huokoa pia karibu lita 5 za oili. Ikiwa tofauti ya bei dukani ni Sh. milioni 2.4, mafuta peke yake huirudisha kwa miezi 10. Lakini anayefanya safari 5 tu kwa mwezi atasubiri zaidi ya miaka mitatu.

Uamuzi basi uko katika daftari la safari. Mwenye safari za kila siku, na aliye karibu na fundi anayeijua, anunue mizunguko minne. Mwenye safari za gulio mara moja kwa wiki, au anayelala vijijini mbali na fundi, abaki na mizunguko miwili.

Kabla ya kuchagua jina la mtengenezaji, mnunuzi azunguke maduka manne ya Mwanga akiulizia plagi, impela ya pampu ya maji na pini ya propela. Kama havipatikani popote, injini hiyo isinunuliwe hata ikipunguzwa bei. Siku moja ya kusubiri kipuri kutoka Dar es Salaam ni siku moja bila mauzo.

Mtumba wenye rangi mpya

Bei ya injini ya mtumba huvutia, na rangi mpya huficha mengi. Mnunuzi aende na fundi wake, si fundi wa muuzaji. Apimishe mgandamizo wa kila silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, aondoke. Afungue oili ya gia; ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Aiwashe ndani ya pipa la maji aone kama maji ya kupozea yanatoka kwa nguvu.

Apime pia tezi la boti yake kabla ya kutoka nyumbani. Tezi la sentimita 38 huchukua injini ya mguu mfupi, na la sentimita 51 huchukua mguu mrefu. Mguu mfupi kwenye tezi refu hupiga hewa. Mguu mrefu kwenye tezi fupi hukwaruza mchanga na kuburuta maji. Wapo wanaokumbuka kipimo hiki wakiwa wameshalipa.

Risiti iandikwe namba ya injini. Wizi wa injini ziwani ni kilio cha siku nyingi, na asiye na namba hana cha kupeleka polisi.

Miezi isiyo na kazi

Mwenye kununua kwa mkopo ana hesabu moja zaidi. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Boti za abiria na mizigo ziliendelea, lakini aliyetegemea dagaa na migebuka aliona injini yake ikikaa ndani ya nyumba miezi mitatu huku tarehe za rejesho zikifika.

Kwa sababu hiyo, anayechukua mkopo wa injini ya uvuvi apange marejesho kwa miezi 9 ya kazi, si 12. Akishindwa kulipa kwa hesabu hiyo, injini hiyo ni kubwa kuliko biashara yake.

Fedha inayobaki kati ya bei ya injini ya 40 na ya 15 ina kazi za kufanya: makoti ya kuokolea maisha kwa kila aliyemo, kasia mbili, plagi na impela za akiba, na kamba ya kuzimia injini inayofungwa mkononi mwa nahodha. Boti ya alumini isiyo na mtu usukani huzunguka, na propela haichagui wa kukata.

Kwa wenye maduka, wakati umefika wa kuacha kuuza farasi na kuanza kuuza ushauri. Mteja aliyeuziwa injini inayomfaa hurudi kununua vipuri kwa miaka mingi. Aliyeuziwa inayomzidi hurudi mara moja tu, kuiuza kama mtumba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye boti ndogo mwambao wa Tanganyika, daftari hilo lifunguliwe kabla ya injini kutoka dukani.