Hata Angani Hupigwa Hodi

Mtoto wa Kiswahili afunzwapo adabu, somo la mwanzo ni hodi. Hupiga mara tatu. Asipojibiwa hurudi alikotoka, wala hachungulii dirishani. Hiyo ni mila, na ni dini pia, kwani Sura ya Nur yatukataza kuingia nyumba za watu bila ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe.

Sasa kimezuka chombo kisichojua mlango. Ni droni, ile ndege ndogo isiyobeba rubani, yenye jicho la kamera tumboni. Kina mama wamo uwani kwenye kupamba, mabuibui wameyavua, simu wameziacha mlangoni ili picha zisitoke. Mara wasikia mvumo kama wa nyuki. Kutazama juu, jicho liko vichwani mwao! Sitara iliyolindwa mlangoni imevunjwa kupitia angani.

Hatuandiki haya kuwalaumu vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Kijana apigaye picha za harusi anatafuta riziki ya halali. Twasema tu kwamba chombo hiki kina elimu yake, kama jahazi. Nani humkabidhi nahodha usukani kabla hajajua upepo na miamba?

Sheria ipo. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zataka kila droni iandikishwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na mwenyewe awe ametimiza miaka 18. Isipande zaidi ya futi 400. Isisogee chini ya mita 50 kwa watu au majengo yasiyohusika na kazi hiyo. Arushaye aione kwa macho yake muda wote, na asirushe usiku bila ya idhini. Kazi zenye hatari zaidi zahitaji leseni ya rubani.

Kwetu sisi kuna jambo zaidi. Uwanja wa ndege wa Moi uko Port Reitz, Changamwe, na droni hairuhusiwi katika kilomita 10 za uwanja mkubwa kama huo ila kwa idhini. Chora duara hilo kwenye ramani: laimeza Changamwe, lavuka maji hadi kivuko cha Likoni, na upande wa Kisauni lafika daraja la Nyali. Basi kijana arushaye droni apate picha ya umati wa feri, bila ya ruhusa, amevunja sheria zaidi ya moja kwa mkupuo, na ng'ambo ya pili Mtongwe kuna kambi ya wanamaji.

Asidhani ni mchezo. Desemba 2018, uwanja wa Gatwick karibu na London ulifungwa baada ya watu kuripoti kuona droni, na abiria zaidi ya laki moja wakakwama. Tahadhari kabla ya hatari.

Tazama basi sheria na adabu zilivyokutana: zile mita 50 ni hodi ya serikali. Lakini kamera huona mbali kuliko mita 50, na pale kipimo cha sheria kinapokoma ndipo adabu huendelea.

Wenye harusi, kabla ya kutoa malipo ya kwanza, mwulizeni mpiga picha: droni yako imeandikishwa? Idhini unayo? Mwekeeni mpaka: nje kwa wanaume sawa, juu ya ua wa wanawake hapana. Jirani naye aambiwe mapema. Vyuo vya ufundi navyo vifungue somo hili kwa bei ambayo mtoto wa mvuvi au wa kuli ataimudu, maana kumkataza mtu bila ya kumfunza ni kumsukuma arushe kwa kujificha.

Anga ni pana, lakini chini yake mna nyumba za watu. Anayetaka kupita na apige hodi, asipojibiwa, arudi.