Kitabu cha karani na kitabu cha boyi



Watu wanatuuliza kila mara: ninyi makarani, mnasoma nini usiku, taa inawaka hata saa tano? Wengine wanafikiri ni mambo ya kazi, juu ya kupandishwa cheo. Hapana. Miezi hii tumesoma vitabu viwili, tena tumevisoma pamoja, kimoja kando ya kingine, na tunataka kuwaambia ninyi wa kambi na wa cité kile tulichokiona ndani. Vyote viwili vinawahusu, na kimoja kimeandikwa kwa lugha yenu kabisa.

Cha kwanza ni kitabu cha Patrice Lumumba, « Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé ? ». Alikiandika wakati wa mwaka 1956 na 1957. Mbele ya siku zile alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, mji unaoitwa sasa Kisangani. Kitabu kilitoka Bruxelles mwaka 1961, naye amekwisha kuuawa tarehe 17 Januari ya mwaka ule ule, karibu na mji wetu huu wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Hakukishika mkononi hata siku moja.

Tuseme kweli: kitabu hiki kilituumiza. Tulitazamia kusikia sauti ya tarehe 30 Juni 1960, ile iliyosemwa mbele ya Mfalme Baudouin bila kuinama. Haimo. Anayesema humu ni karani mwenye adabu, mwenye kuomba. Anaomba watu waliosoma wapewe heshima inayowapasa. Anatumaini Wabelgi na Wakongo wataishi katika umoja. Rafiki yetu mmoja, mtu wa siasa tangu zamani, alituambia tukifiche, vijana wasikione, kwa kuwa kinamharibia jina shujaa wetu.

Sisi tunakataa. Chama chake, MNC, kilizaliwa Oktoba 1958. Toka kitabu hiki mpaka ile hotuba ya uhuru haikupita hata miaka minne. Mtu asomaye yote mawili ndiye anayejua Lumumba alitembea safari gani, na kwa haraka gani. Ukificha kitabu, unamfanya sanamu iliyozaliwa ikiwa imesimama. Na sanamu haimfundishi mtu namna ya kusimama.

Lakini kuna sababu nyingine ya maumivu yetu, na hii inatuangukia sisi wenyewe. Ile lugha tuliijua. Kwa wamonpere tulifundishwa kuandika vile vile: mbele unatia shukrani, kiisha lalamiko dogo, kiisha shukrani tena, kubwa kuliko ya kwanza. Hata leo, tukiandika kwa mkubwa wa kazi juu ya saa za ziada za watu wa chini ambazo hazikulipwa, kalamu yenyewe inaanza na « tunayo heshima kubwa ». Mkono umezoea. Tukisoma Lumumba wa mwaka 1956, tunasoma barua zetu wenyewe.

Sasa shika kitabu cha pili. Jina lake ni « Vocabulaire de ville de Elisabethville », cha mwaka 1965. Aliyekitengeneza ni André Yav, na waliokitoa ni wazee waliokuwa maboyi nyumbani mwa Wazungu. Hakikupita katika nyumba kubwa ya kupiga chapa. Kilipigwa kwa mashini ya kuandika na kutolewa nakala. Lugha yake ni Kiswahili cha hapa, kile tunachosema sokoni na kazini. Maneno yamekatwa pasipofaa, mengine yameunganishwa pasipofaa, na miaka mingine haipatani na ile ya vitabu vya shule. Monpere wetu wa darasa angalimaliza wino mwekundu. Ni aibu kusema, lakini nasi katika ukurasa wa kwanza tulikwisha kushika kalamu ili kusahihisha.

Kiisha mmoja wetu akaanza kusoma kwa sauti. Mama yake, asiyejua kusoma, alikuwa akichambua mboga mlangoni. Akanyamaza. Akauliza: « Huyo mzee anayesema, anakaa wapi? » Tukaelewa. Kitabu hiki ni cha sikio. Hata profesa Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970 na aliyekichapisha tena mwaka 1990, hakukifungua peke yake. Alisaidiwa na Kalundi Mango, na njia yao ilikuwa hiyo hiyo, kuyasoma maandiko kwa sauti mpaka maneno yakae mahali pake.

Na ndani mna nini? Mna Wazungu walivyoonekana toka jikoni. Mna kazi, mshahara, chakula, na majina wazee waliyowapa mabwana, majina ambayo mabwana hawakuyajua. Yav haombi. Hamwandikii mkubwa yeyote. Anawaambia watu wake mambo yalivyokuwa, basi. Tumefikiri sana juu ya hilo: karani mwenye Kifransa safi aliandika akimtazama Bwana usoni, na boyi ambaye kazi yake ilikuwa kumtazama Bwana mchana kutwa, siku alipoandika alimgeuzia mgongo.

Hatusemi Yav ni mkubwa kuliko Lumumba. Lumumba alilipa kwa damu yake. Tunasema tu kwamba kitabu cha mmoja kinatajwa kila mahali, na cha mwingine, tukiuliza hapa kambini, hakuna hata kumi waliokisikia.

Mfano ni Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakapigwa risasi kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, na Léonard Mpoyi akafa. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora mambo yale miaka ya 1970. Lakini hesabu ya wafu? Ya serikali ni moja, ya wazee ni nyingine. Sisi makarani tunajua kuandika shaba iliyotoka mpaka kilo ya mwisho; wale watu, majina yao hatuna.

Kwa hiyo Jumamosi, watu wakitoka kazini, tutasoma Yav kwa sauti uani kwa mzee wetu wa barabara, pale penye mwembe. Wamama waje pia. Anayejua jina la mtu aliyeanguka mwaka 1941, hata jina moja tu bila la baba, aje nalo. Tutakuwa na daftari. Tutaandika kama atakavyosema, na hakuna atakayemsahihisha.