Mtaa wa biashara kando ya mto: Kisangani ijenge kwa ajili ya nani?

Mama anayeuza mawese kutoka teritwari ya Yahuma hufanya safari mbili kabla ya kuona faida yoyote. Ya kwanza ni ya nchi kavu: madumu hufungwa kwenye baiskeli au pikipiki na kupitishwa njia za msituni hadi mtoni. Ya pili ni ya maji, katika mtumbwi wenye mota au katika balenieri, zile boti kubwa za mbao zinazopanda mto Kongo kuelekea Kisangani. Zikifika, mizigo hushushwa kwenye ukingo wenye utelezi, hubebwa begani hadi juu, kisha toleka, yaani baiskeli za kukodi, na pikipiki huipeleka sokoni. Mvua ikinyesha, mahindi na mchele hulowa palepale.

Ndiyo maana wazo la kujenga mtaa wa kisasa wa biashara kando ya maji, wenye maduka, ofisi, hoteli na barabara za lami, lina mvuto mkubwa kwa mji kama huu. Kisangani ilizaliwa na mto. Meli zinazotoka Kinshasa, umbali wa kilomita zipatazo 1,700, haziwezi kupita hapo kwa sababu ya maporomoko ya Wagenia, na reli ya kilomita 125 hadi Ubundu ilikamilika mwaka 1906 ili kuyazunguka. Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, baina ya majeshi ya Rwanda na Uganda, viliuvunja mji huo na kuua raia wengi. Mwenyeji wa Kisangani anayetamani kuona majengo mapya yakisimama ufukoni ana kila haki ya kutamani hivyo. Jambo la kuamua ni moja: ukishajengwa mtaa huo, ukingo wa mto utabaki mali ya nani?

Kinshasa tayari ina jibu lake, na jibu hilo lafaa kutazamwa kwa makini. Katika Bwawa la Malebo, upande wa Limete, kampuni ya Hawkwood Properties ilianza kuelekea mwisho wa miaka ya 2000 kujaza mchanga kwenye maji ya kina kifupi ili kujenga Cité du Fleuve. Mpango ulikuwa wa hekta 375 hivi za makazi, ofisi na maduka. Mwanaanthropolojia Filip De Boeck, aliyeuchunguza mji huo kwa miaka mingi, ameeleza jinsi ndoto hiyo ilivyotua juu ya sehemu ambako watu walikuwa wakilima mpunga na mboga kandokando ya bwawa. Wakulima hao walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiulisha mji. Nyumba mpya nazo ziliuzwa kwa bei ambayo mkazi wa kawaida wa Kinshasa hawezi hata kuiota.

Tena kuna maji yenyewe. Mnamo Januari 2024 kina cha mto Kongo jijini Kinshasa kilipimwa mita 6.20, sentimita sita tu chini ya rekodi ya mwaka 1961. Mto unaopanda hivyo unahitaji mahali pa kutanuka, na kila hekta inayojazwa mchanga ni hekta iliyoondolewa kwa maji.

Watetezi wa mitaa ya aina hii hupenda kutaja Marekani, na mfano wao si wa uongo. Huko Newport Beach, mji wa pwani wa California kusini mwa Los Angeles, kampuni ya Irvine, mmiliki wa shamba kubwa la mifugo la zamani, ilipanga kituo kizima cha biashara juu ya kilima kinachotazama bahari ya Pasifiki. Maduka yake makuu, Fashion Island, yalifunguliwa mwaka 1967. Barabara zilinyooka, maji taka yalikuwa na mabomba, maegesho yalitosha, na kodi iliingia katika hazina ya mji. Mpangilio wa namna hiyo, unaofikiriwa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, unastahili kuigwa popote.

Lakini hadithi ya California haikukomea kwenye maduka. Wakazi waliona pwani yao ikizibwa na majumba na kuta kidogo kidogo, na mwaka 1972 wakapiga kura kuunda tume ya kulinda pwani. Sheria ya mwaka 1976 iliipa tume hiyo nguvu ya kudumu, na moja ya kazi zake kuu ni kuhakikisha kwamba mwananchi anaweza kufika ufukweni hata pale ambapo ardhi ya nyuma yake ni ya mtu binafsi. Marekani yenye kusifiwa kwa kuheshimu mali binafsi iligundua kwamba ukingo wa maji hauwezi kuachwa mikononi mwa mwenye ramani peke yake. Wanaotaka kuiga majengo ya Newport Beach waige na sheria hiyo.

Hata hivyo, hakuna haja ya kwenda California wakati somo zito zaidi liko jirani na Yahuma. Mwaka 1911 William Lever, mtengenezaji sabuni wa Uingereza aliyekwisha kujenga kijiji kilichopangwa cha wafanyakazi huko Port Sunlight kuanzia 1888, alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa maeneo matano ya duara, kila moja likipimwa kilomita 60 kutoka kituo chake, ili ichague humo ardhi ya michikichi isiyozidi hekta 750,000. Mojawapo ya maeneo hayo lilizaa Elisabetha, mji wa kampuni kwenye ukingo wa kushoto wa mto Kongo. Leo unaitwa Lokutu.

Elisabetha ulipangwa vizuri. Ulikuwa na gati, kiwanda na nyumba za wafanyakazi, na mkataba uliilazimisha kampuni kujenga shule na hospitali. Kasoro haikuwa kwenye michoro. Baadaye wanavijiji walifungwa na mikataba iliyowalazimu kuuza chikichi zao kwa kiwanda cha kampuni, kwa bei ambayo hawakuwa na nguvu ya kuibadilisha. Mwenye kumiliki mahali pa kupakilia alikuwa pia mwenye kupanga thamani ya jasho la mkulima.

Na jambo hilo halijakwisha. Unilever iliuza mashamba hayo kwa kampuni ya Feronia mwaka 2009, na mwaka 2020 yakapita kwa Straight KKM; kampuni inayoyaendesha, PHC, ina zaidi ya hekta 100,000 katika Lokutu, Yaligimba na Boteka. Mwaka 2018 jamii zinazoishi kandokando ya mashamba hayo zilipeleka malalamiko yao hadi kwa DEG, taasisi ya maendeleo ya Ujerumani iliyokuwa imeikopesha kampuni, zikidai ardhi ambayo zinasema haikuwahi kutolewa kwa hiari. Saini moja ya mwaka 1911 ilikuwa bado inawagharimu vitukuu vya wanavijiji wa wakati huo zaidi ya miaka 100 baadaye.

Kwa hiyo hofu ya mtaa uliopangwa isichukuliwe kuwa ni woga wa maendeleo. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Dola. Maana yake ni kwamba kila anayejenga anajenga kwa kibali, na kibali kinaweza kuwekewa masharti kabla ya kutolewa. Hapo ndipo jimbo la Tshopo, lenye mji wa Kisangani, lililoundwa mwaka 2015, lina nguvu ambayo wazee wa vijiji wa 1911 hawakuwa nayo.

Baadhi ya watu watasema hakuna mwekezaji atakayekuja akiwekewa masharti. Hoja hiyo ina uzito, maana gati la saruji ni ghali na mapato ya jimbo ni madogo. Lakini mwekezaji anayekuja kwa sharti la kumfukuza mwenye mtumbwi anawekeza dhidi ya mji wenyewe. Kisangani haina pwani ya watalii ya kuuza mandhari. Utajiri wake wa ufukoni ni samaki wa kukausha, mchele wa Isangi, mawese ya Yahuma na ndizi za kupikia lituma, ndizi zilizopondwa. Maduka ya vioo yakisimama pale boti zinaposhusha mizigo, bidhaa hizo zitasukumwa mbali zaidi, na bei ya chakula itapanda katika komuni za mji za Makiso, Mangobo na Kabondo kwa pamoja.

Kazi ya kwanza basi ni ya chini kabisa: ngazi imara za kushukia, ghala lenye paa, taa, vyoo, mizani ya uhakika na mifereji inayojua mto unafika wapi ukifurika. Komuni ya Lubunga, ng'ambo ya mto, nayo iingizwe kwenye ramani tangu mwanzo, maana mto unaupitia mji katikati. Maduka na hoteli vijengwe nyuma ya hapo, na wenye mtaji wakaribishwe kwa heshima.

Wabunge wa jimbo na meya wa Kisangani wana wajibu wa kuupima na kuuandika ukingo wa umma kabla mkataba wowote haujatiwa saini, na kuusoma mkataba huo hadharani kwa Kiswahili na Lingala. Wenye boti na wauzaji wa Yahuma, Isangi na Basoko wawe na viti vyao kwenye meza hiyo. Mpango usiokubali masharti hayo ukataliwe.