Tumewaita Walozi Wale Tuliokataa Kuwalea



Mwezi huu hatutaandika juu ya nyimbo wala juu ya matayarisho ya sikukuu. Tutaandika juu ya neno moja linalotamkwa usiku katika nyumba zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mbele ya jamaa waliokaa kimya, huku mtoto amesimama katikati yao akijikuna mguu kwa mguu. Neno hilo ni «mlozi». Tunasema wazi tangu mwanzo, ili asiwepo wa kudai kwamba hakutuelewa: kumwita mtoto mlozi ni namna ya kukataa kumlea, na mara nyingi ni kukataa kulikopangwa mchana kabla ya kutamkwa usiku.

Wako wanaotuambia: «Hiyo ni mila ya mababu, ninyi watu wa padri msiiguse.» Si kweli. Sisi tulizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, wakati ambapo filimbi ya kazi iliwaamsha hata watoto wachanga, na baba alirudi nyumbani na mfuko wa posho begani. Walozi tuliwaogopa kama mtoto yeyote. Lakini mlozi wa siku zile alikuwa mzee: babu mwenye macho mekundu, au bibi aliyezika watoto wake wote akabaki peke yake. Kuwadhulumu wazee wale kulikuwa dhambi, na bado ni dhambi. Hatuwatetei waliofanya hivyo. Ila katika hofu ile yote mtoto alikuwa yule anayeliwa, hakuwa mlaji. Mtoto mlozi ni mgeni katika nchi hii. Alianza kuonekana kwa wingi katika miaka ya 1990, na sisi tuliokuwa vijana wakati huo tulimwona akiingia.

Na mnajua nini kingine kiliingia miaka ile? Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata askari walipora miji. Gécamines ikaanguka, mishahara ikachelewa mwezi mmoja, kisha mitatu, kisha watu wakaacha kuhesabu. Vita vikaja mwaka 1996, vikarudi mwaka 1998. UKIMWI ukawachukua akina mama na akina baba, na mayatima wakagawanywa kwa wajomba, baba wadogo na mashangazi ambao wao wenyewe hawakuwa na kitu. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na kila mmoja wenu anaye babu au mjomba anayeweza kumweleza hiari hiyo ilikuwa ya namna gani. Katika nyumba ya namna hiyo yalitakiwa mambo mawili: maelezo ya mkosi, na upungufu wa midomo mezani. Mtoto mlozi alileta yote mawili kwa pamoja. Ndiyo sababu alikaribishwa upesi hivyo.

Mkitaka ushahidi, tazameni ni nani anayeshtakiwa. Katika wote tuliowafahamu sisi wenyewe, hatukumbuki hata mmoja ambaye mama yake mzazi alikuwa hai, yumo nyumbani, na ana sauti. Tunakumbuka yatima wa dada. Tunakumbuka mtoto wa mke wa kwanza katika nyumba ya mke wa pili. Tunakumbuka mtoto aliyeletwa kutoka kijijini ili asome, akageuka mchota maji. Ajabu ya ulozi huu ni kwamba unajua ukoo vizuri sana. Unampita mtoto wa mwenye nyumba kitandani kwake na kumshika yule anayelala jikoni.

Kisha tazameni dalili zinazotajwa. Anakojoa kitandani. Anaamka usiku. Anakula sana, au, kinyume chake, anakataa chakula. Ana tumbo kubwa na miguu myembamba. Anaanguka kifafa. Ana akili kupita umri wake. Au haelewi masomo. Tuambieni, ni mtoto gani atakayepona kwa orodha hiyo? Katika masomo ya ualimu tulifundishwa jambo ambalo mama yeyote mwenye uzoefu analijua bila shule: mtoto aliyefiwa anaweza kurudia kukojoa kitandani hata akiwa na miaka tisa, kwa sababu moyo wake umerudi nyuma kutafuta mahali ambapo mama alikuwapo. Tumbo lililovimba, nywele zilizobadilika rangi na miguu yenye maji ni dalili za mtoto anayekula bukari bila maharage, bila ndakala, bila yai. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na dawa zake zipo. Tumezunguka mji mzima tukitafuta anayeona, hali kituo cha afya kilikuwa njia ya pili kutoka nyumbani.

«Lakini amekiri mwenyewe!» Hilo ndilo jibu tunalopewa kila mara, na huletwa kwa sauti ya ushindi. Basi tusikilizeni sisi tuliofundisha shule ya msingi zaidi ya miaka ishirini na mitano. Siku moja kijisanduku cha chaki kilipotea darasani kwetu. Tuliwasimamisha watoto wote, tukashika fimbo, tukasema hakuna atakayekwenda nyumbani mpaka mwizi ajitaje. Baada ya saa moja mvulana mmoja mdogo alinyosha kidole akasema ni yeye. Tukamwuliza chaki ziko wapi, akasema ameziuza. Tukamwuliza kwa nani, akataja jina la mwenye kibanda. Tulimpiga. Juma lililofuata tuliisogeza kabati, na kijisanduku kilikuwa nyuma yake, hakijafunguliwa. Yule mtoto alikuwa ametupa kile tulichokitaka ili wenzake waende kula. Na hiyo ilikuwa saa moja tu, mchana, kwa ajili ya chaki. Mtoto aliyefungishwa chakula na maji siku tatu, akatiwa pilipili machoni, akaambiwa kwamba akikubali ataachiliwa, atakubali kwamba aliruka usiku, atakubali kwamba alikula nyama ya mjomba, na mkimwuliza nani alikuwa pamoja naye, atawatajia jina. Kisha jina hilo nalo litatafutwa.

Wengine hushika Biblia. Wanatutajia mstari wa kitabu cha Kutoka kuhusu wachawi, na kuutaja kana kwamba uliandikwa kwa ajili ya kitoto cha darasa la tatu. Sisi tunawaomba wafungue Injili ya Marko sura ya tisa. Baba mmoja anamleta mwanawe anayeanguka, anayetoa povu, anayejitupa motoni na majini. Mtoto wa namna hiyo angepata hukumu gani katika mitaa yetu? Yezu hamwulizi mtoto alifanya nini, wala alipewa nini na nani usiku. Anamwuliza baba: hali hii imempata tangu lini? Swali la mganga hilo, au la mwalimu mzuri. Na Luka, anaposimulia habari ile ile, anaongeza kwamba Yezu alipomponya kijana alimrudisha kwa baba yake. Hakumpeleka barabarani. Tafuteni katika Injili zote nne mahali ambapo Bwana wetu alimtenga mtoto na nyumba yake kwa sababu ya pepo, hamtapaona.

Tutaulizwa: je, mnasema kwamba shetani hayupo? Kanisa linafundisha kwamba yupo. Halikufundisha popote kwamba amekaa ndani ya mtoto wa marehemu dada yako, na kwamba atatoka ukilipa. Sheria ya Kanisa, kanuni namba 1172, inakataza mtu yeyote kuwapunga waliopagawa bila ruhusa ya wazi ya askofu, na ruhusa hiyo hupewa padri tu, tena mwenye utaua, elimu, busara na maisha safi. Sasa linganisheni na yule anayeweka mkeka uani na kudai mbuzi.

Hapa msomaji wetu ataanza kutikisa kichwa akifikiri makanisa ya uamsho ya jirani. Asitikise upesi. Sisi nasi tumo.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na msichana katika darasa letu la komunyo ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi hivi, yatima, alikaa kwa baba yake mdogo. Alijua sala zote, ila alikuja amechelewa, kwa sababu aliosha vyombo kwanza. Mtoto mchanga wa nyumba ile akafa kwa homa. Juma hilo shirika letu lilialikwa kwenda kusali, nasi tukaenda, na rozari mkononi. Tulipofika tulielewa kwamba hatukuitwa kwa ajili ya marehemu. Msichana alikuwa amekalishwa chini, na mama mmoja wa kundi la sala, Mkatoliki kama sisi, mwenye kitambaa cha chama kichwani, alikuwa akimwambia afungue kinywa aseme. Sisi tulikuwa katekista. Watu wote walitutazama. Tungeweza kusema neno moja. Tulianzisha «Salamu Maria», tukamaliza makumi matano, tukanywa chai, tukaaga. Jumamosi iliyofuata hakuja darasani, wala ile iliyofuata, na katika daftari letu mbele ya jina lake pana nafasi nyeupe mpaka mwisho wa mwaka. Baadaye tulimwona sokoni akiuza maji ya mifuko. Alitusalimu kwa heshima, «Jambo, mwalimu,» akauliza kama cheti chake cha ubatizo kingali parokiani. Tulimjibu kwamba kipo. Hatukuwa na la zaidi la kumwambia.

Kwa hiyo tunapowalaumu wengine, tunajua jinsi unyamavu unavyofanya kazi. Mshitaki mmoja hawezi kumfukuza mtoto. Anahitaji watu kumi wa kukaa kimya.

Sheria za nchi, kwa upande wake, hazikunyamaza. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto na kumtesa, na imeandika kwa jina lake hasa kosa la kumshtaki mtoto kwa ulozi. Kifungu hicho hicho kinawapa wazazi wajibu wa kuwatunza watoto wao na kuwakinga na ukatili ndani na nje ya nyumba. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwekea mshitaki kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, na faini ya faranga 200,000 hadi 1,000,000 za Kongo. Haiulizi kama mshitaki ni mzazi, jirani au mchungaji. Ni wangapi katika mashirika yetu waliowahi kusomewa vifungu hivyo? Matangazo ya baada ya Misa huchukua nusu saa, nafasi ingepatikana.

Kuna pingamizi moja tunalolipokea kwa uzito. Baba mmoja alituambia: «Mwalimu, wewe unahubiri tu. Nina watoto sita wangu na watatu wa marehemu. Shule ya msingi wanasema ni bure tangu mwaka 2019, lakini daftari si bure, yunifomu si bure, na chakula hakikuwa bure siku yoyote.» Alisema kweli, na yeyote anayemjibu kwa mithali tu hajapata kukaa na watoto tisa. Ila tunamwomba yeye na wenzake watofautishe maneno mawili. Anayesema «siwezi» amefungua mlango: shirika linaweza kuchanga unga, bibi anaweza kumchukua mmoja wakati wa likizo, mwalimu anaweza kuongea na mkuu wa shule. Anayesema «mlozi» amefunga milango yote kwa mara moja, kwani hakuna jirani atakayempokea mtoto huyo, na hata akipona njaa hataponya jina. Umaskini unaeleza kwa nini mtu amechoka. Hauelezi pilipili machoni.

Tena tunapenda sana kurudia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tunaitamka mithali hiyo kwenye arusi na kwenye ubatizo, tukijipongeza. Mtoto akikua vizuri ni malezi yetu. Akikua kwa shida ni mapepo. Mwalimu anayejipa sifa kwa waliofaulu na kuwaachia shetani walioshindwa, mkaguzi angemwambia nini?

Ninyi vijana hamjawa wazazi, na huenda mnafikiri tumekosea anwani. Hatukukosea. Ninyi ndio mnaolala chumba kimoja na mtoto anayeshtakiwa. Ninyi mnaona nani amenyimwa chakula, na ninyi mnatumwa kumwita «yule anayeona». Katazeni kutumwa. Mkisikia neno hilo nyumbani au katika shirika, ulizeni kwa sauti, na kwa heshima mnayowapa wakubwa: Baba, ameshapelekwa kituo cha afya? Mama, amekula nini leo? Maswali hayo mawili hayamvunjii mtu heshima, na tumeona yakivunja kikao kizima. Msikubali kuimba katika sala ambayo mtoto amewekwa katikati kama mshtakiwa. Tokeni, na mkiweza tokeni naye. Mwambieni padri siku hiyo hiyo, bila kungoja Jumapili. Wako Wasalesiani hapa Lubumbashi, katika nyumba inayobeba jina la Mwenyeheri Bakanja, wanaowapokea watoto wa barabarani na kujaribu kuwarudisha kwa jamaa zao. Lakini kazi yao ingekuwa nyepesi kama sisi tusingewatoa watoto hao nyumbani.

Na ninyi mnaochumbiana, zungumzeni jambo hili kabla ya mahari, maana baadaye ni vigumu. Mwulizane: akifa dada yako, watoto wake watalala wapi? Watakula pamoja na wetu, au baada ya wetu? Kijana anayeona haya kuulizwa hivyo na mchumba wake, aje kwetu darasani Jumamosi saa tisa. Tutaketi naye, tutamsomea na vile vifungu viwili.